Laptopu ya ex-UK inaganda tukiiwekea Windows. Ninunue diski mpya?

Fundi, hujambo?

Nina saiba ndogo hapa Kayole, meza mbili na printa moja. Kazi zetu ni zile za kila siku: watu wa eCitizen, PIN za KRA, fomu za HELB, kuchapa CV, fotokopi. Kompyuta moja ilikuwa imechoka, kwa hivyo nikajikaza nikaenda mjini, kwenye yale maduka ya ghorofani upande wa Luthuli, nikanunua laptopu ya ex-UK. Ni HP EliteBook 840 G1, Core i5 ya kizazi cha nne, diski ya GB 500, RAM GB 4, Sh18,500. Kijana wa pale aliniwekea Windows 10 nikiwa nimekaa hapo hapo, ikaingia bila matata. Kisha akaniuliza, "Mama, na kazi za saiba zilivyo, GB 4 itakutosha kweli?" Nikaongeza Sh1,500. Akafungua mgongo, akachomeka RAM nyingine ya GB 4, akafunga, akabandika stika ya duka pale kifuniko kinapokutana na mwili. Risiti inasema waranti ni miezi mitatu. Stika inasema ikivunjwa, waranti imekwisha.

Mwanzoni ilifanya kazi, lakini mteja akifungua kurasa nyingi, picha inasimama tuli, mausi haisogei, mpaka nishikilie kitufe cha pawa. Mtoto wa dada yangu anasomea kompyuta chuoni. Yeye akasema hiyo ni Windows ya magendo, ina virusi, dawa ni kufuta kila kitu na kuweka upya. Akafuta. Sasa hiyo mpya ndiyo imekataa kuingia. Safari moja iliganda ikiwa asilimia 31. Nyingine ikafika 74, tukaanza kushangilia, ikaganda. Nyingine haikufika hata pale pa kuchagua lugha. Kuna wakati ilileta maandishi kwamba faili zimeharibika, pamoja na namba 0x80070570. Akasema basi tujaribu Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows. Flashi ni ile ile, ya GB 64, niliinunua kwa mchuuzi pale stejini. Ubuntu ikawaka vizuri, tukachagua kuijaribu bila kuisakinisha, nayo ikaganda tukiwa bado tunaitazama.

Fundi wa hapa mtaani anasema diski imekufa, nimpe Sh4,000 aniwekee SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Fundi wa pili hata hakuiwasha, aliigeuza tu mkononi akasema ni madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Nikapiga simu dukani, wakaniruka futi mia moja: eti nilipofuta Windows yao niliharibu mashine mwenyewe.

Pesa ya kubahatisha sina. Ninunue hiyo SSD? Na ikipona niweke nini, maana nasikia Windows 10 imefungwa? Tafadhali usiniache kwa mataa.

Mama Shiko, Kayole

*

Mama Shiko, pole kwa usumbufu, na hizo Sh4,000 ziache zilipo. Huenda siku moja ukahitaji SSD, lakini si kwa ugonjwa huu, na si kwa sababu aliyokupa huyo jirani.

Umeniandikia mambo mengi, ila jambo kubwa umelipitia haraka, ukidhani ni simulizi tu. Windows iliingia pale dukani bila matata mashine ikiwa na GB 4. Halafu ndipo RAM ya pili ikachomekwa. Tangu hapo, hakuna siku umeniambia mashine ilitulia. Ilianza kuganda kurasa zikiwa nyingi, yaani pale RAM inapojaa na kile kipande kipya kinapotumika kwa dhati. Ningekuwa mimi ndiye niliyeletewa hiyo laptopu, ningeanza na kipande hicho kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Sasa kwa nini nasema si diski. Mlipochagua kuijaribu Ubuntu bila kuisakinisha, mfumo ulitoka kwenye flashi ukapanda kwenye RAM na kuanza kazi humo humo. Diski ilikuwa bado haijaombwa kubeba kitu. Mashine ikiganda katika hali hiyo, ni vigumu kuisingizia diski. Siwezi kusema haiwezekani kabisa, kwa sababu mfumo ukiwaka hupigia hodi kila kifaa kilichomo, na diski mbovu sana huweza kuuchelewesha hata hapo. Ndiyo maana huko mbele nitakuomba itolewe kabisa, tusibaki na shaka. Lakini fundi aliyekutajia bei ya SSD kabla ya kukuuliza Ubuntu iligandia wapi alikuwa anauza, hakuwa anatengeneza.

Kuhusu ile namba 0x80070570, watu wengi wakiiona hukimbilia kusema "faili imeharibika, pakua upya" au "diski imekwisha". Inachosema hasa ni kwamba programu ya kusakinisha ilisoma faili ikaikuta si nzima. Haisemi iliharibikia wapi. Kusakinisha mfumo ni kuchukua faili zilizofinywa kwenye flashi, kuzifungua ndani ya RAM, kisha kuziandika kwenye diski. RAM ndiyo meza ya jikoni hapa: kila kitu hupita juu yake kabla ya kuingia sufuriani, na meza ikiwa na uchafu, chakula kitaharibika hata kama sokoni kilitoka kizuri. Ndiyo sababu mashine yenye RAM mbovu huweza kutumika siku nzima kwa kazi nyepesi, halafu ikashindwa kabisa siku ya kuwekewa mfumo mpya. Kusakinisha hupitisha gigabaiti kwa gigabaiti kwenye RAM, na hukagua kila kinachopita.

Tena angalia ilivyoganda: 31, 74, kabla hata ya lugha. Flashi yenye sehemu mbovu, au faili iliyopakuliwa nusu, aghalabu hukwama mahali pamoja kila mara, kwa sababu kosa limekaa mahali pamoja. Ikikwama huku na kule bila mpangilio, mimi hufikiria RAM kwanza, kisha joto, kisha umeme. Ni kanuni ya mkono tu, si sheria, lakini imeniokolea muda mwingi.

Kabla hujapanda matatu kwenda mjini, kuna mambo ambayo mpwa wako anaweza kupima hapo nyumbani bila kugusa stika.

La kwanza ni dogo mno hata watu hulidharau. Picha ikisimama, bonyeza Caps Lock utazame kitaa chake. Kikiwaka na kuzimika kila ukibonyeza, mashine bado iko hai, inafikiri. Diski yako ya GB 500 karibu hakika ni ile ya kuzunguka, na hizo ni za polepole. Windows inaweza kusimama kwenye asilimia moja hadi ukadhani imekufa. Ipe nusu saa. Kitaa kikikataa kubadilika kabisa, basi imeganda kweli. Kwa maelezo yako nadhani ni hili la pili, lakini ni vizuri ulione kwa macho yako, ndipo ujue unachomwambia mtu.

La pili, izime, iwashe huku ukigonga Esc mara kwa mara, halafu F2. Hapo ndipo penye vipimo vya HP vyenyewe. Msishtuke kwamba diski imefutwa. Vikikosekana kwenye flashi na kwenye diski, mashine huvitoa ndani ya BIOS yake, ile programu ya msingi iliyomo kwenye mashine yenyewe. Pima memori, kisha pima diski pia. Mkichagua kipimo kifupi kikasema sawa, msikiamini sana. Kipimo kifupi hukagua juu juu, na RAM yenye hitilafu ya mara moja moja hukipita ikicheka.

Kwa hiyo nataka mtumie Memtest86+. Ni programu ya bure, mnaiandika kwenye flashi kama mlivyoandika Ubuntu, mnawasha kwa F9 na kuchagua flashi. Ikikataliwa, mpwa azime Secure Boot kwa F10 (ni ulinzi unaozuia mashine kuwaka na mfumo isioutambua), kisha airudishe baadaye. Iacheni izunguke usiku, chaja ikiwa imechomekwa, maana mzunguko mmoja tu wa GB 8 kwenye mashine ya umri huo huweza kula saa nzima au zaidi, na nataka mizunguko kadhaa. Makosa hutokea kwa mistari myekundu. Hapa hakuna cha "makosa machache si neno": RAM yenye kosa moja ni RAM mbovu. Mkiona nyekundu, piga picha kwa simu, skrini nzima, na tarehe ionekane kwenye simu yako. Picha hiyo ndiyo utakayoenda nayo dukani. Stima ikipotea usiku na betri isishike, rudieni. Hakuna kinachoharibika, kwa sababu kipimo hiki hakiandiki chochote kwenye diski.

Wakati huo huo, flashi ya stejini. Sitaki kumsema vibaya mchuuzi, lakini flashi ya GB 64 inayouzwa bei ya chapati mbili na chai kwa kawaida ni ya GB 8 au 16 iliyofundishwa kusema uongo. Unaiweka vitu, inakubali vyote, na vilivyozidi ujazo wake wa kweli hupotea kimya kimya. Mpwa wako bila shaka alitumia programu ya Rufus kuandika Windows kwenye flashi. Ndani ya Rufus kuna mahali pa kukagua sehemu mbovu za flashi; kipimo hicho hugundua pia flashi za bandia. Huchukua muda na hufuta kila kitu kilichomo, kwa hivyo hamisheni picha za harusi kwanza. Na faili ya Ubuntu mliyopakua nayo ikaguliwe: kwenye kompyuta yako nyingine yenye Windows, fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe mfuatano unaopata na ule uliochapishwa na wenyewe Ubuntu. Herufi moja ikitofautiana, faili hiyo itupwe. Kwa mtu wa bando hiyo ni habari mbaya, najua, lakini ni afadhali kupakua mara ya pili kuliko kukesha ukipigana na faili mbovu.

Joto nalitaja kwa ufupi. Weka mkono kwenye tundu la pembeni mashine ikifanya kazi. Ikiwa hewa haitoki kabisa, au feni inalia kama inasaga mchanga, kuna vumbi la kusafishwa, na pengine ile pesti ya kijivu juu ya prosesa imekauka. Ila prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi zenyewe, na zikizidi huzima mashine ghafla. Yako haizimiki, inaganda. Kwa hiyo joto liko chini kwenye orodha yangu. Msiiweke tu juu ya blanketi.

Sasa tuje kwenye safari ya mjini. Stika usiivunje. Najua mkono unawasha, na kifuniko cha 840 G1 huteleza na kutoka bila hata bisibisi, lakini miezi mitatu ya waranti ni mali yako, na stika ikipasuka utakuwa umewapa neno la kusema. Nenda na risiti, chaja, flashi yenye Memtest86+ na ile picha. Mwambie aliyekuuzia aifungue mbele yako, chaja ikiwa imetolewa na betri imechomolewa.

Akiifungua, utaona vipande viwili vyembamba vya kijani vimelala, kila kimoja na karatasi nyeupe iliyobandikwa. Usimwachie yeye peke yake asome. Tafuta maandishi yanayoanza na PC3. Kwenye kile kilichokuja na mashine kutoka Uingereza, natarajia utaona PC3L-12800S. Angalia kile cha pili, ulicholipia Sh1,500. Ikiwa kimeandikwa PC3-12800S, bila ile L, umempata mchawi wako. Hiyo L inamaanisha RAM inayotumia volti 1.35. Isiyo na L ni ya volti 1.5. Vinafanana kwa urefu, vinaingia kwenye tundu moja, vina pengo mahali pamoja, na mtu mwenye haraka hawezi kuvitofautisha kwenye boksi lililojaa RAM za mitumba. Lakini laptopu za Core za kizazi cha nne zimetengenezwa kwa ile ya 1.35 peke yake. Ukiipa ya 1.5, nyingine hukataa kuwaka kabisa, na hapo angalau unajua. Nyingine huwaka, ikakulisha RAM isiyopata umeme wa kutosha, ikakusumbua kila kazi inapokuwa nzito. Hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu dukani inaonekana nzima: inawaka, inasoma GB 8, pesa inatumwa kwa M-Pesa, kwaheri.

Vyote vikiwa na L, usikate tamaa, kazi ni ile ile. Kitolewe kile kipya, kibaki cha zamani peke yake, na mjaribu kusakinisha hapo hapo. Ikiingia, mmemaliza. Kisha kile kipya kiwekwe peke yake, kwenye tundu lile lile, Memtest izunguke. Kikishindwa, kibadilishwe. Kila kimoja kikiwa sawa peke yake lakini vikikutana vinagombana, navyo hutokea, hasa vikiwa vya makampuni tofauti na kasi tofauti, basi aidha akutafutie viwili vinavyofanana, au akurudishie Sh1,500 yako. Na kama kipande kizima kinafanya kazi kwenye tundu moja na kinakataa kwenye tundu la pili, hapo sasa huyo fundi wako wa pili, aliyeigeuza tu mkononi, atakuwa amebahatisha ukweli: tundu ni sehemu ya madabodi. Hilo halitengenezwi kirahisi. Dai mashine nyingine.

Kuna jambo moja la kutazama kabla ya hukumu yoyote. Yale meno ya dhahabu ya RAM yakiwa na uchafu au alama za vidole, mguso unakuwa hafifu. Mafundi wengi huyasugua polepole kwa raba ya penseli, wakapuliza unga, wakarudisha. Usicheke. Mara nyingine hiyo ndiyo dawa yote, au hata kuchomoa na kuchomeka upya mpaka vibana vya pembeni vilie "tak" pande zote mbili. Kwa haraka aliyokuwa nayo yule kijana, siwezi kulitupa hilo.

Mkiwa hapo na mgongo uko wazi, diski nayo itolewe, muwashe Ubuntu kutoka kwenye flashi kwa RAM ile ya zamani peke yake. Ikitulia bila diski na ikatulia na diski ikirudishwa, swali lako la SSD limejibiwa. Kisha fungua ile programu ya Disks ndani ya Ubuntu, utazame takwimu za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Mistari miwili inatosha: Reallocated Sector Count na Current Pending Sector. Zote zikiwa sifuri, diski yako ina uhai. Ile ya pili ikiwa na namba, na inaongezeka kila ukitazama, ndipo uanze kuweka akiba ya SSD. Na ukiipata siku moja, utaifurahia, kwa sababu laptopu ya umri huu ikipewa SSD hubadilika kabisa kwa kasi. Lakini inunuliwe kwa ajili ya kasi, mashine ikiwa tayari imetulia.

Kuhusu maneno waliyokuambia kwenye simu, kufuta Windows hakuharibu mashine. Unaweza kufuta diski kila Jumapili baada ya kanisa na hakuna RAM wala madabodi itakayougua kwa hilo. Wanajua, na wewe sasa unajua. Zungumza nao kwa upole, uonyeshe picha na risiti. Wengi pale hulegea wakiona mteja anaelewa anachosema, maana kubadilisha RAM ya Sh1,500 ni rahisi kwao kuliko mzozo mbele ya wateja wengine. Wakikaza kabisa, sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inamlinda mnunuzi hata wa kitu cha mitumba, hasa ukiwa ulimweleza muuzaji kazi unayoitakia naye ndiye akakuchagulia. Wewe ulimwambia ni ya saiba, akakushauri uongeze RAM. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Sidhani utafika huko kwa jambo hili. Lakini kulitaja kwa sauti ya chini hakuna ubaya.

Sasa uweke nini. Ulichosikia ni kweli: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Itawaka, itafanya kazi, lakini matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena kwa mtu wa kawaida ila kwa mpango maalum wa muda. Windows 11 nayo haiikubali mashine yako, kwa sababu inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya mashine. Zipo njia za kuilazimisha, na mpwa wako ataziona YouTube. Kwenye kompyuta yake mwenyewe alazimishe anavyotaka. Kwenye saiba, ambako watu wanakuachia nywila za eCitizen na KRA, mimi nisingelazimisha. Na ile mliyokuwa nayo, kama kweli ilikuwa ya magendo, ya kuondoa lile onyo la kuwezesha Windows (activation) kwa programu iliyotoka kusikojulikana, ndiyo nisingeirudisha kabisa. Hapo mpwa alikuwa na hoja, hata kama hakuwa amepata ugonjwa wenyewe.

Weka Linux Mint 22 au Ubuntu 24.04. Zote ni za bure, zote zinapata marekebisho ya usalama mpaka 2029, na GB 8 ikitulia zitakwenda vizuri. Hata kwa GB 4, Mint toleo jepesi la Xfce litakufaa huku ukisubiri RAM. Kazi zako nyingi ziko ndani ya kivinjari, na eCitizen haijali mlango uliopitia. Matata yatakuwa kwenye CV. LibreOffice hufungua faili za Word, lakini majedwali na herufi huweza kusogea kidogo, na mteja atakulaumu wewe. Mtu akileta CV ya kuchapa tu, mwombe PDF. Akitaka irekebishwe, ifungue kwenye ile kompyuta yako ya zamani yenye Windows.

Jambo la printa ndilo ningelipima kabla ya kusakinisha chochote. Mashine ikishatulia, washa Mint kutoka kwenye flashi, bila kuisakinisha, chomeka printa yako, uchape ukurasa mmoja, kisha uskani kitambulisho. Printa za HP nyingi hutambuliwa mara moja. Za kampuni nyingine inategemea modeli, na kuna zinazochapa vizuri lakini zikakataa kuskani mpaka utafute programu ya mtengenezaji. Ikikubali yote mawili, sakinisha jioni hiyo hiyo. Ikikataa, niandikie jina kamili la printa na namba iliyo chini yake, nami nitakujibu.